Mlango wa Kibanda cha Kuku

Bibi yetu alipanda treni ya Wharrel mara moja tu maishani, mwaka 1893, akiwa na miaka saba. Kanisa lilikuwa limewapeleka watoto pikiniki. Kabla ya safari alikuwa amekula bakuli zima la bitiruti za siki, na treni ilipoanza kupinda kwenye makorongo akatoa kichwa dirishani akatapika zote nje, mlangoni. Mama yake akalitazama lile doa akasema, "Bahati yako mlango wenyewe mwekundu, hakuna atakayeona."

Hadithi hiyo bibi aliisimulia kila Krismasi mpaka alipofariki, na kila mara mimi na mdogo wangu Clem tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Tofauti yetu ni kwamba Clem aliiamini. Mimi niliiona kichekesho cha mezani, basi.

Naitwa Irwin Sugden. Natengeneza mabehewa ya treni za enzi za Malkia Victoria, madogo ya kukaa kiganjani, na nawauzia watu wenye reli ndogo ndani ya nyumba zao. Nakata bati la shaba, nalikunja, nalilehemu, napaka rangi, halafu nachora mistari ya dhahabu kwa kalamu yenye ncha mbili za chuma. Wateja wangu ni wanaume wazima wenye vitambi ambao watakusamehe ukichelewesha kazi mwaka mzima, lakini hawatakusamehe kitasa kilichokaa upande usio wake. Nawaelewa, kwa sababu na mimi ni hivyo hivyo.

Reli ya Wharrel ilikuwa yangu, maana hapakuwa na fundi mwingine aliyejisumbua nayo. Kampuni ile ilimezwa na kampuni kubwa mwaka 1899, mabehewa yake yakapakwa kahawia ya wakubwa, na baada ya miaka michache yakatupwa. Tuliamini halikubaki hata moja. Zilibaki picha kumi na moja za kale zilizopigwa kwenye vioo, na katika picha hizo mabehewa ni meusi tii. Sasa kila mtu katika kazi hii anajua kwamba kamera za zamani zilikuwa na upofu wake: nyekundu ilitoka nyeusi, na kijani iliyokolea nayo ikatoka nyeusi. Kwa hiyo picha haikusaidii kitu. Unahitaji karatasi ya wakati ule, au mbao yenyewe.

Mimi nilikuwa na karatasi. Niliichimbua kwenye makavazi ya kaunti: risiti ya Reli ya Wharrel ya mwaka 1888, galoni arobaini za rangi ya kijani. Nilirudi nayo nyumbani nikiwa nimejaa kiburi.

"Hiyo ni kijani ya uzio," Clem akasema. Ilikuwa mwaka 1979, tulikuwa tukifanya kazi pamoja karakanani kwangu, mimi bati, yeye rangi. "Stesheni saba hizo, mabenchi, mageti, uzio wa maili nzima. We Irwin, una ubongo humo au matope? Bibi aliuona mlango kwa macho yake."

"Bibi pia alimwona marehemu babu jikoni akikaanga mayai."

"Hiyo ilikuwa mwishoni kabisa. Usimkejeli bibi."

"Chama hakiandiki matapishi ya bibi kwenye Daftari, Clem."

Daftari ni Daftari la Rangi la chama chetu cha reli ndogo hapa Hathersby. Kila kampuni ya zamani ina ukurasa wake, na kwenye ukurasa kuna kipande cha rangi kilichobandikwa na jina la aliyeithibitisha. Mafundi wa nchi nzima hutuandikia wakiuliza Daftari linasemaje. Na kwenye ukurasa wa kwanza kuna sheria niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe: pasipo ushahidi, hapana rangi.

Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono katika ukumbi wa kanisa, mkono mwingine ukishika kikombe cha chai. Kijani ilipata mikono ishirini na miwili. Nyekundu ilipata mmoja, wa Clem, na aliuacha juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Angenyamaza hapo, yangeisha. Lakini Clem hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliendelea kupaka mabehewa mekundu na kuyapanga kwenye meza yetu ya maonyesho, akiwaambia wateja kwamba kaka yake ni kipofu kama zile kamera. Mwezi wa pili nikapeleka hoja afukuzwe chamani kwa kuuza uongo. Niliisoma mwenyewe kwa sauti, nimevaa tai. Mikono ishirini na miwili tena.

Siku hiyo hiyo nikamtoa karakanani. Nje ya chama hakuna aliyenunua kwake, na sidhani kama aligusa tena brashi. Akafanya kazi ghalani, akaanza kunywa, mkewe akaondoka na binti yao Beverley, na mwaka 1997 akafia katika chumba cha kupanga huko Morecambe. Waligundua siku ya tisa, kwa harufu. Nilikwenda kuzika. Naona aibu kulisema hili, lakini pale kaburini nilikuwa nikiwaza oda ya mabehewa manne ya kijani.

Kuanzia mwaka ule wa kura alinitumia kadi kila Krismasi, jumla kadi kumi na nane. Ndani hapakuwa na salamu wala heri ya mwaka mpya. Maneno mawili tu na herufi: "Yalikuwa mekundu. C." Zote nilizitia kwenye jiko la makaa, nyingine bila hata kuzifungua, kwa kuwa kilichomo nilikijua.

Basi mwezi wa tatu mwaka 2009 ikaja simu.

"Wewe ndiye yule mzee wa vitreni?" sauti ya mwanamke ikauliza. Alikuwa Bi Raistrick, mfugaji wa kondoo juu kule Cragdale. "Nina kibanda cha kuku, marehemu mume wangu alikuwa akisema zamani kilikuwa behewa. Nakibomoa wiki ijayo. Mlango mmoja una herufi za Wharrel zimechongwa kwenye bawaba. Unautaka, au niutie moto?"

Nikamwambia asiuguse, nakuja. Nikaweka simu chini. Nilijua vizuri sana kilichokuwa kinaningoja. Mlango ukiwa wa kijani, nilikuwa sahihi miaka yote ile, na Clem alijiharibia mwenyewe kwa ukaidi. Ukiwa mwekundu, basi nilimwangamiza mdogo wangu bure.

Desturi yetu ni kwenda wawili kwenye kazi kama ile: mmoja anasugua, mwingine anashuhudia na kupiga picha. Nilikwenda peke yangu, na sikumwambia mtu.

Mlango ulikuwa umeliwa na mvua ya miaka karibu mia, mbao tupu ya kijivu, isipokuwa sehemu moja. Zamani sana mtu alikuwa amepigilia sanduku la kutagia upande wa nje, na Bi Raistrick alipolibandua kwa nyundo, nyuma yake pakaonekana rangi, kipande cha ukubwa wa sinia ya chai.

"Nikuletee chai, mzee, au wewe unaishi kwa kunusa mbao?"

"Baadaye, mama."

"Haya. Nina kondoo amekwama anazaa kule nyuma. Ukianguka piga kelele."

Akaniacha na kuku.

Kazi hii ina adabu yake. Unalowesha msasa laini, unasugua duara lisilozidi sarafu, polepole, na kila tabaka la rangi linabaki kama pete kulizunguka lile la chini yake. Ukifika kwenye mbao unaacha. Unapiga picha, unafunika, unaondoka. Rangi iliyobaki huigusi, kwa kuwa hiyo ni ya wale watakaokuja kukubishia. Hayo nimewafundisha wanachama miaka nenda miaka rudi, na Graham Ogden, mwenyekiti wetu wa sasa, mara yake ya kwanza nilimshika mkono mimi.

Nikaanza vizuri. Chokaa ya mkulima ikatoka, ikafuata lami, ikafuata kahawia ya kampuni kubwa, ile ile tunayoijua sote. Chini ya kahawia ndiyo Wharrel yenyewe. Nikalowesha msasa upya, nikasugua mara tatu, nikapangusa.

Nyekundu. Si ya kutu wala ya tofali. Nyekundu nzito ya bitiruti.

Nikajiambia hii ni rangi ya chini tu, mafundi wa kampuni kubwa waliipaka ili kahawia ishike, kijani iko chini yake. Nikaendelea. Ikaja kijivu ya kuzibia mbao, ikaja mbao. Nikajiambia labda ubao huu ulibadilishwa wakati fulani. Nikahamia pembeni, duara la pili. Nyekundu, kijivu, mbao. Nikahamia tena, na kwenye duara la tatu nikauona mstari. Mstari wa dhahabu, mwembamba kama uzi, umepita juu ya nyekundu na kufunikwa na vanishi iliyogeuka njano.

Hakuna fundi hapa duniani anayechora mstari wa dhahabu juu ya rangi ya chini. Mstari huchorwa mwisho, kazi ikishakamilika, ili watu wauone. Kama kuna mtu aliyepaswa kulijua hilo ni mimi niliyekula mkate wa mistari hiyo maisha yangu yote. Na nililijua. Niliutazama ule mstari, nikaelewa kila kitu, kisha nikausugua.

Sitatafuta kisingizio. Sikufanya vile kwa nia ya kuficha, ingawa ningekuwa nimefanya kwa nia hiyo pengine ningejielewa zaidi. Nilikuwa nikiitafuta kijani. Nilikuwa nikisema kwa sauti, "Iko chini, iko chini," huku maji mekundu yakinitiririka mpaka kwenye viwiko, nikatoka duara la tatu nikaenda la nne, nikaacha kuhesabu, nikaacha maduara kabisa nikawa nasugua kwa mikono miwili. Nilipoishiwa pumzi, kile kipande chote cha sinia kilikuwa mbao nyeupe, safi. Sikuwa nimepiga picha hata moja. Kitambaa cha kupangusia kilikuwa tope la rangi zote zilizochanganyika, huwezi kujua ipi ni ipi.

Bi Raistrick akarudi, damu ya kondoo mikononi, akashangaa. "Hee! Umeung'arisha kama meza ya harusi. Ulikuwa unatafuta nini, maskini?"

"Kijani."

"Umeipata?"

"Haikuwepo, mama. Haijawahi kuwepo."

Akanitazama, halafu akanishika kiwiko akaniingiza jikoni kwake. Pale ndipo nililia, mzee wa miaka sabini na mmoja, mbele ya mwanamke nisiyemjua. Nilimlilia Clem, miaka kumi na miwili baada ya kumzika.

Beverley ni muuguzi huko Leeds. Hatukuwa tumezungumza tangu mazishi. Nikampigia simu jioni ile ile.

"Baba yako alikuwa sahihi," nikamwambia. "Yalikuwa mekundu. Nimeona kwa macho yangu."

"Baba mkubwa, umelewa?"

"Sijaonja kitu."

"Basi usiniambie mimi, kawaambie wale wazee wenzako. Mimi nilijua toka mtoto." Nilisikia akivuta pumzi. "Nataka jina lake liandikwe kwenye lile daftari lenu. Ukurasa wa Wharrel. Lako litoke, lake liingie. Zaidi ya hapo sitaki kitu kutoka kwako, hata pole."

"Nitafanya hivyo."

"Nitakuja kushuhudia. Maneno yako nimeyachoka."

Mkutano ulikuwa Jumamosi mchana, ukumbi ule ule, vikombe vile vile vya kijani hafifu. Niliuingiza mlango ukumbini kwa msaada wa wawili, tukaulaza juu ya meza. Beverley alikaa nyuma na koti lake hajalivua. Ana taya za Clem, na anavyokunja mikono utadhani ni yeye.

Nikaeleza yote: sanduku, chokaa, lami, kahawia, nyekundu, mstari wa dhahabu. Watu wakasikiliza kwa heshima. Kisha Graham akainama na kioo cha kukuzia, akaikagua ile sehemu kidole kwa kidole. Muda ulipita. Akageuza taa, akakagua tena kwenye mishipa ya mbao na kwenye matundu ya misumari.

"Mzee Irwin," akasema polepole, "hapa hapana kitu."

"Nimesema nimeisugua."

"Nimesikia. Lakini hata punje haipo. Ulivyofundisha kusafisha, hakuna anayesafisha kama wewe."

"Tumeletewa ubao wa kukatia mkate," mmoja wa nyuma akatupia, wawili watatu wakacheka.

"Funga domo lako," nikamwambia.

"Picha je?" Graham akauliza. "Shahidi?"

"Hakuna. Nilikuwa peke yangu."

Akaweka kioo mezani. Nilimwona anavyotafuta maneno ya kuniwekea staha, na hilo liliniuma kuliko angenitukana. "Sote tunajua Clem alikuwa ndugu yako. Tunajua ulivyobeba msiba ule. Mtu akifika umri fulani anatamani mambo yangekuwa tofauti, ndiyo ubinadamu. Lakini Daftari..."

"Graham, sikuota. Niliiona!"

"Na bibi yenu naye aliiona," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Wewe ndiye uliyetuambia hiyo haitoshi. Sheria ni yako, mzee wangu. Mimi naisoma tu."

Kura ikapigwa. Nani anakubali nyekundu? Nikanyoosha mkono. Niligeuka kushoto, nikageuka kulia. Watu walikuwa wakitazama vikombe vyao. Nikauacha mkono wangu juu, nikauacha tu, mpaka bega likaanza kutetemeka na Graham akasema kwa upole, "Tumeuona, mzee, shusha." Nikaelewa kwa nini Clem hakuushusha wa kwake.

Nikaomba basi jina langu angalau lifutwe, ukurasa ubaki mtupu. Wakakataa. Risiti ya 1888 bado ipo, na kinachofutwa hufutwa kwa ushahidi.

Beverley alinisaidia kuufunga mlango juu ya gari langu, nje kwenye kijimvua. Alivuta kamba, akapiga fundo, akapangusa mikono kwenye koti.

"Ule mstari wa dhahabu uliowasimulia," akasema. "Uliuona kabla hujausugua, au uliukumbuka baadaye?"

Ningeweza kumwambia kwamba niliukumbuka baadaye. Nani angenikatalia?

"Kabla."

"Na ukajua maana yake."

"Nikajua."

"Halafu ukaendelea."

"Nikaendelea, mwanangu."

Akatikisa kichwa kidogo, macho yake kwenye ile mbao nyeupe iliyokuwa ikilowana. "Miaka yote hii nilidhani hukujua tu," akasema. "Hilo nilikuwa nimejiandaa kukusamehe." Akapanda gari lake akaondoka, na mimi nikabaki pale nimeshika ncha ya kamba.

Tangu siku hiyo mabehewa ya Wharrel nayapaka nyekundu, mengine siyagusi. Nimetengeneza sita. Kwenye maonyesho watu huyainua, husifu mistari, huuliza kama ya kijani yapo, nikisema hayapo huyarudisha mezani taratibu kama wanaomlaza mgonjwa. Nasikia wanavyonong'onezana kwamba mzee wa watu amechanganyikiwa kwa kumlilia mdogo wake. Kijana mmoja kutoka Halifax ameanza kutengeneza ya kijani, kwa kufuata Daftari, na yanakwenda vizuri. Kazi yake ni safi. Chini ya kila behewa anaandika kwamba rangi imethibitishwa na I. Sugden.

Mlango upo karakanani, nimeuegemeza ukutani mkabala na benchi. Krismasi iliyopita nilinunua kadi, yenye theluji na ndege kama zile za Clem. Nilikaa nayo asubuhi nzima nikitafuta la kuandika, salamu, radhi, chochote. Mwisho nikaandika "Yalikuwa mekundu. I." nikaipeleka posta, kwa Beverley, Leeds.

Hakujibu. Mwaka huu nitatuma nyingine. Sijui kama nyumbani kwake ana jiko la makaa.